Mshenga wa Chuo

Barua mbili ziliingia kwa Nashon siku moja, Jumanne ya kwanza ya Machi 1997, na tangu saa hiyo hakuna aliyekula ugali kwa utulivu katika nyumba ile. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye sanduku lake la posta lilitumiwa na nusu ya Magunga, alizileta mwenyewe kwa miguu, kisha akasimama mlangoni akingoja zifunguliwe, maana naye alikuwa binadamu.

Nashon alikuwa fundi wa baiskeli pale senta. Alizifungua kwa bisibisi, polepole, kana kwamba anatoa mpira kwenye rimu, akazilaza mezani na kuzikandamiza kwa spana zisipeperuke. Ya kwanza ilitoka Chuo cha Wardell, Nairobi: bahasha nyeupe ngumu, na ndani yake kijitabu chenye picha za rangi, wasichana wamekaa kwenye nyasi zilizokatwa vizuri wakicheka na vitabu. Ya pili ilitoka Chuo cha Mtakatifu Bertila, huko kwenye mashamba ya chai. Hiyo ilikuwa bahasha ya kaki, karatasi moja iliyopigwa taipu, herufi ya "e" imeziba wino kila mahali.

Vyote viwili vilimtaka Lynnet, binti yake wa kwanza, aliyekosa chuo cha serikali kwa pointi moja tu. Wardell walimpa shahada ya biashara, na historia angeweza kuisoma kando kama mtu anayeonja mchuzi. Bertila walimpa shahada ya historia ya umma. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Nashon aliuliza hiyo historia ya umma ndiyo ipi, na ile isiyo ya umma inafichwa wapi. Lynnet akaeleza, mikono ikiruka, kwamba ni kukusanya habari za watu wa kawaida na kuziweka mahali ambapo watu wa kawaida wataziona: makumbusho, nyaraka, redio, hata ukuta wa soko. Hakuna kingine alichotaka duniani. Tangu kidato cha pili alikuwa na daftari moja la kurasa tisini na sita, na kila mzee aliyepita njia ile aliulizwa maswali mpaka akasahau alikokuwa akienda.

"Watu wa kawaida wanajijua tayari," Nashon alisema. "Biashara ndiyo hawaijui."

Robi, mkewe, alikuwa Mkuria wa Kehancha aliyekaa Magunga miaka ishirini na moja na bado aliota ndoto zake kwa Kikuria. Yeye alitaka Bertila, lakini si kwa ajili ya historia. Alikuwa amesikia kwamba masista hufunga geti saa kumi na mbili jioni. Mume na mke wakabishana siku tatu, mmoja akitetea nyasi zilizokatwa, mwingine akitetea geti. Lynnet, ambaye ndiye angelala huko, hakuulizwa.

Siku ya nne akaja Filister.

Filister alikuwa dada mkubwa wa Nashon, na Lynnet alimwita Waya, yaani shangazi wa kwa baba. Kazi yake ilikuwa ujagam, ule ushenga wa Wajaluo wa kupeleleza nyumba kabla mtoto hajaolewa humo. Alikuwa amesimamisha ndoa thelathini na nane, kutoka Mfangano kisiwani mpaka mpakani mwa Tanzania, na yeye ndiye aliyevuka mpaka Kehancha kumtafutia kaka yake mke. Alisikiliza pande zote mbili huku akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akitupa vijiwe upande mmoja. Mwishowe akauliza ni nani kati yao aliyewahi kufika kwenye vyuo hivyo.

Nashon akasogeza kijitabu cha Wardell, Robi akasogeza karatasi ya Bertila.

"Basi mnamwoza mtoto kwa picha," Filister alisema.

Hoja hiyo ilimaliza ubishi. Nauli ilichangwa kesho yake. Nashon alitoa ya baiskeli mbili alizokuwa amemaliza kutengeneza, na Mniko, kaka yake Robi, akatuma nyingine kutoka Kehancha alikolima tumbaku. Mniko hakuwa na njia ya kukataa. Ng'ombe walioletwa kwa mahari ya Robi ndio aliooa nao yeye mke wake, na kwa Wakuria kaka wa namna hiyo ana deni lisilofutika kwa watoto wa dada yake. Alikuwa ameshaahidi fahali wawili kwa karo. Sharti lake lilikuwa moja: kabla fahali hawajatoka zizini, aambiwe vizuri wanaliwa na nani.

Filister aliondoka Jumatatu na mwavuli, viatu vya raba, na kikapu cha omena waliokauka vizuri, kwa sababu mshenga haendi mikono mitupu.

*

Alirudi Ijumaa adhuhuri akakaa juu ya mkeka, akataka chai. Alikunywa vikombe vitatu kwanza. Nashon alikuwa amefunga kibanda chake, Robi ameacha mboga jikoni, na Lynnet ndiye aliyekuwa akimmiminia.

Kisha Filister akasimulia. Kule Wardell alikuta walinzi wawili getini waliomwuliza kadi. Hakubishana nao. Mshenga hamwulizi mwenye nyumba habari za nyumba, alisema, huuliza majirani. Akakaa na mama mmoja auzaye mahindi ya kuchemsha nje ya ukuta, siku nzima, akimsaidia kumenya. Walipita wanafunzi mia moja na arobaini. Waliomwamkia walikuwa tisa. Aliwauliza sita kati yao historia inafundishiwa wapi. Watano walisema hapa ni biashara, na wa sita akamwuliza kama amepotea. Lakini nyumba yenyewe ni tajiri, hakutaka kuisingizia. Taa zinawaka mchana. Maharagwe ya jikoni, kwa ushahidi wa mama wa mahindi, hayana mawe.

"Unaona," Nashon alisema.

Kule Bertila alifika mvua ikinyesha. Mlinzi alimwingiza kibandani mwake, akampa kiti na kumweleza habari za chuo kizima tangu kilipoanzishwa, ikiwa ni pamoja na sista aliyegombana na mpishi. Mpishi naye akampa uji. Wanafunzi walikuwa wakiosha sahani zao wenyewe, wavulana kwa wasichana. Nyuma ya ofisi akamkuta mwalimu wa historia, amevaa gambuti, akipalilia sukuma wiki. Jina lake Daktari Mayaka, Mkisii, mtu mfupi mwenye sauti ya chini.

"Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza jina la nyanya yangu, mzaa baba. Nikamwambia. Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa kalamu, akaliandika." Filister aliweka kikombe chini. "Miaka yote niliyotembea nyumba za watu, hakuna aliyeniuliza jina la nyanya yangu."

Robi aliuliza kuhusu geti. Filister akasema linafungwa. Robi akarudi kwenye mboga zake akiimba.

Nashon hakushindwa siku hiyo, lakini alikuwa amelegea kama mnyororo uliotumika sana. Na pengine mambo yangekwisha hivyo, polepole, kwa upande wa Bertila, kama Filister angekuwa amesimulia yote.

*

Jumatano ya wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikuja tena na bahasha ya kaki, na safari hii alikaa kabisa kitini. Lynnet alisoma kwa sauti. Daktari Mayaka aliwasalimu wazazi. Alishukuru kwa omena. Alisema chuo kina nafasi moja ya nusu karo kwa mwanafunzi wa historia ya umma aliyekwisha kuanza kazi hiyo mwenyewe. Kisha ikafuata sentensi ambayo Lynnet aliisoma mara mbili, mara ya pili bila sauti.

"Nimefurahi sana kusikia kutoka kwa shangazi yake kwamba binti yenu amekusanya masanduku saba ya kumbukumbu za wazee. Nitapita kwenu Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili, kuyaona."

Nashon aliangalia chini ya meza, kana kwamba masanduku hayo huenda yalikuwapo na yeye hakuyaona.

Filister aliitwa. Alikuja akiwa ametulia, kichwani amefunga kitambaa kipya, na alipoulizwa kama alisema masanduku saba alijibu kwamba mwanzoni alisema matatu, lakini mwalimu yule alikuwa akisikiliza vizuri sana.

"Waya," Lynnet alisema, "mimi nina daftari moja. Halijajaa hata nusu."

"Nyathina, mwanangu, mshenga asiyeongeza chumvi ni mjumbe wa matanga. Nilipoenda Kehancha kumwombea baba yako, nilisema ana ng'ombe wangapi? Mwulize mama yako."

"Tisa," Robi alisema.

"Na ulikuta wangapi?"

"Watatu. Mmoja akiwa wa jirani."

"Na bado uko hapa," Filister alisema, kama mtu anayefunga kesi mahakamani.

Nashon alikasirika kweli. Alisema nusu karo hiyo ndiyo ingemwachia Mniko fahali mmoja, na sasa itapotea kwa sababu ya mdomo, na jina la nyumba hii litaandikwa na mwalimu huyo anayependa kuandika majina. Lynnet aliinama, mabega yakitikisika. Robi akadhani analia, akamshika. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha, katikati ya kicheko hicho, machozi yakaja kweli, maana alijua kwamba hana mlango mwingine wa kuingilia Bertila, na mlango wenyewe ulikuwa umeshikiliwa na uongo.

Filister alimngoja anyamaze. Akauliza: wageni wa harusi wakija katika boma hili, viti hutoka wapi?

Kila mtu alijua. Viti huazimwa. Vikombe pia, na sufuria, na hata fahali mmoja mzuri wa kusimama pale ambapo mgeni atamwona. Hakuna mtu Magunga aliyewahi kuita hilo uongo. Ni adabu.

"Basi," Filister alisema, "chini ya kila kitanda cha mzee hapa kuna sanduku la bati."

*

Waliazima siku mbili. Filister alichukua upande wa ziwa, Nashon akasukumwa upande wa mlima. Aligoma kwanza, akisema yeye ni fundi na si ombaomba wa masanduku, lakini Robi alimkumbusha bei ya fahali mmoja.

Nyumba aliyoiogopa ilikuwa ya Mzee Cephas, aliyestaafu kutoka kazi ya kukamata mbung'o bonde la Lambwe, mtu wa kola safi. Cephas alimwacha asimame uani mbele ya wajukuu wanne. Akamwuliza kama nyumba yake inavuja. Nashon akakiri kwamba inavuja, upande mmoja. Upande upi? Wa kulia. Cephas akasema kwamba basi sanduku liwekwe upande wa kushoto, na mnyororo wa baiskeli yake utazamwe kwanza. Nashon alipiga magoti kwenye vumbi akatengeneza mnyororo huku wajukuu wakimhesabia nati. Alirudi nyumbani na sanduku begani na hasira shingoni, lakini njiani alisimama mara mbili kulitikisa, asikilize lina nini ndani. Ilisikika kama chupa.

Metrine, mjane aliyeuza samaki sokoni na ambaye ujana wake wote ulipita Mfangano, alitoa lake baada ya kuahidiwa kwamba halitafunguliwa nje ya macho yake. Na Ijumaa jioni Mniko alishuka kutoka Kehancha, amebeba sanduku la mama yake, Bibi Nyasuguta, amelifunga kwa kamba ile ile ya kufungia tumbaku. Alisema mama alikataa kata kata kumpa ufunguo. Alimwuliza Lynnet, kwa upole wa mtu mwenye fahali wawili, hii kazi ni ya namna gani hasa. Lynnet alimwuliza yeye alitahiriwa mwaka gani. Mniko akasema kwao mwaka hauna namba, mwaka una jina la waliotahiriwa. Wake ulipewa jina la njaa. Lynnet akauliza njaa ipi. Saa moja baadaye Mniko alikuwa bado anasimulia, chai imepoa mkononi, na alipoona daftari limeandikwa kurasa mbili, akasema, "Aa, kumbe ndiyo hii," akaimaliza chai yake baridi.

Usiku huo masanduku saba yalipangwa ukutani, upande wa kushoto. Mpango wa Filister ulikuwa mwepesi: wenye masanduku wabaki kwao mpaka saa nane, mgeni aone, anywe chai, aondoke.

Lakini Jumamosi, saa tatu asubuhi, akaingia Mzee Cephas na kola yake. Alisema amekuja tu kuangalia kama pamevuja. Akatoa sanduku lake nje juani, akakaa juu yake. Nyuma yake akaja Metrine, akafanya vivyo hivyo. Kisha wengine wanne, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Gari la Daktari Mayaka lilipoingia kwenye boma, wazee sita walikuwa wamekaa mstari mmoja juu ya masanduku sita ya bati, wametulia kama kuku wanaoatamia, na juu ya la saba alikaa Mniko, kwa niaba ya mama yake.

Daktari Mayaka alisalimia wote kwa mkono. Akauliza hawa ni kina nani.

"Walinzi," Filister alisema.

Cephas aligeuza kichwa. "Walinzi wa nani?"

Robi alijifunika uso kwa leso. Nashon aliangalia mlima. Lynnet ndiye aliyesogea mbele. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na daftari lake alilishika kifuani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, masanduku si yangu. Tumeyaazima kwa sababu unakuja. Yangu ni hili daftari tu, na halijajaa."

Daktari Mayaka alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema kwa sauti yake ya chini kwamba amesafiri saa sita, na kwamba jina la mtu aliyedanganya haliwezi kuwekwa kwenye orodha ya nafasi ile. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliuma. Kisha akanyoosha mkono aone daftari, kama mtu anayekunywa chai ya wenyeji kwa adabu kabla ya kuondoka.

Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Wa pili akaletewa kiti. Wa tano akaanza kutabasamu, na wa tisa akasoma kwa sauti:

"Habari za nzige, kama alivyosema Nyangi mke wa Gisiri, tumekaa kwake jikoni, akimenya muhogo. Anasema nzige walikuja mwaka ule daraja lilipojengwa. Waya Filister hakubali. Anasema daraja lilikuwa limekwisha kuzolewa na maji. Waya alikuwa hajala siku hiyo."

"Na lilikuwa limezolewa," Filister alisema. "Nyangi alikuwa bado ananyonya."

"Wewe ndiye ulikuwa unanyonya," Metrine alimwambia kutoka juu ya sanduku. "Daraja nililivuka mimi na miguu yangu hii."

Ubishi ukawaka mstari mzima. Daraja lilijengwa, likazolewa, likajengwa tena mara tatu katika muda wa dakika tano. Cephas alisema yeye ana tarehe, akafungua sanduku lake kwa hasira, akatoa chupa moja baada ya nyingine, zimejaa mbung'o wakavu, kila moja na karatasi yake: siku, mahali, idadi. Alikuwa na bonde zima la Lambwe kwenye chupa. Metrine naye akafungua lake kuonyesha barua za marehemu mume wake alizoandika kutoka reli ya Jinja. Zilisomwa na watu watatu tofauti, alisema, na kila mmoja aliruka mahali fulani na kukohoa. Mniko, asiye na ufunguo, alibaki akitikisa sanduku la mama yake sikioni, akiwaambia watu kwamba hilo linalolia ni shaba.

Lynnet alikuwa amechukua daftari kutoka mkononi mwa Daktari Mayaka bila hata kuomba. Alikuwa amechuchumaa kati ya masanduku akiandika, akiuliza, akirudi nyuma kuuliza tena, kalamu nyingine mdomoni.

Daktari Mayaka alimtazama akijaza ukurasa mzima. Kisha akamgeukia Nashon na kusema kwamba naye ana jambo la kukiri. Katika barua ya chuo iliandikwa kwamba Bertila ina makumbusho. Makumbusho hayo ni chumba kimoja chenye rafu za msonobari, nzuri, mpya, na hakuna kitu juu yake. Hata kimoja.

Filister alikuwa akiangalia kucha zake. Robi akamwuliza, "Wifi, wewe ulijua?"

"Nilichungulia dirishani," Filister alisema. "Mshenga hasemi kila alichokiona."

Hapo Daktari Mayaka akasema alilojia. Kama masanduku haya yangekubali kwenda Bertila, yakawekwa kwenye rafu zile, yakaandikwa vizuri, angeweza kuwaambia wakubwa wake kwamba binti huyu ndiye aliyeyaleta, na hakuna mtu angeuliza maswali kuhusu leo. Nafasi ingekuwa yake. Alilisema kwa Lynnet, lakini watu wote walilisikia, na vifuniko vyote vilivyokuwa wazi vikafungwa kwa mlio mmoja.

Nashon alimtazama binti yake. Moyoni alikuwa akimwomba aseme ndiyo. Wazee wangemkubalia yeye. Alikuwa amewasikiliza kuliko wajukuu wao wenyewe. Neno moja tamu lingetosha.

Lynnet alifuta wino kidoleni.

"Hapana, Mwalimu. Haya hayatoki."

"Hata mawili?"

"Ukiondoa chupa za Mzee Cephas, nani atakayesema alizipata vipi? Zitakuwa nzi tu." Alionyesha masanduku kwa kalamu. "Wewe weka karatasi kwenye rafu. Andika jina la mwenye sanduku, na njia ya kufika kwake. Mtu akitaka kuona, aje Magunga, anunue soda, aulize."

Daktari Mayaka alisogea kwenye mstari wa masanduku. Robi alianza kusali kimoyomoyo kwa Kikuria, lugha aliyoitumia kwa mambo makubwa.

"Njia ya kufika kwako ni ipi, Mzee?" mwalimu alimwuliza Cephas hatimaye, akitoa kalamu.

Cephas alimweleza. Ilichukua muda, maana alianza na vijia vya wanyama vya zamani. Mwalimu aliandika yote. Akaandika ya Metrine. Akaandika ya wengine. Alipofika kwa Mniko, aliambiwa kwamba ukifika Kehancha uliza tu kwa Nyasuguta, lakini usiende siku ya soko, na usitaje ufunguo.

Aliporudi kwenye kiti alitoa fomu kwenye mkoba. Aliongea na Nashon kama mwanamume anayezungumza na mkwewe. Nafasi ya nusu karo ni ya huyu, alisema, na ataipigania kwa wakubwa wake kwa lile daftari peke yake. Lakini lazima binti ajue anakoingia. Walimu ni wawili. Shahada yenyewe ina umri wa miaka mitatu, hakuna aliyemaliza bado. Yeye mwenyewe akiulizwa wahitimu watafanya kazi gani, jibu la kweli ni kwamba hajui.

Mniko alipiga hesabu ya fahali mmoja atakayebaki zizini, akasema kwa sauti kwamba kwa maoni yake hii ni elimu nzuri sana.

Lynnet alijaza fomu akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya kifuniko cha bati. Hakuangalia bahasha nyeupe ya Wardell hata mara moja. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi. Nashon alipokea kalamu. Aliishika kama bisibisi, hakuandika.

"Nina swali," alisema. "Na mtu asiye na sanduku?"

Watu walidhani anatania, wakacheka kidogo, kisha wakaona hacheki.

"Mimi sijaenda vita. Sijaenda Jinja. Nimetengeneza baiskeli za watu miaka ishirini na sita na sikuweka hata risiti moja. Katika hiyo historia ya umma, mimi niko, ama ni ya wenye masanduku?"

Daktari Mayaka alifungua mdomo, akamwona Lynnet, akaufunga.

Lynnet alifungua ukurasa mpya. Aliandika tarehe. Aliandika: Nashon, fundi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika kalamu. Kisha akainua macho.

"Baiskeli ya kwanza kabisa, Baba. Ilikuwa ya nani?"

Nashon alitazama juu, kama anavyotazama mpira ndani ya karai la maji akingoja kipovu kionyeshe pancha iko wapi.

"Ya mwanamke," alisema.

Robi aligeuka haraka. "Mwanamke gani?"

"Ngoja niulizwe na mwandishi," Nashon alimwambia, na boma zima likaangua kicheko, Cephas akishika kola yake isikunjike.

Akaanza. Ilikuwa Raleigh nyeusi, taa mbele, kiti kimepasuka. Dereva aliyemleta Daktari Mayaka alipiga honi mara ya kwanza simulizi ikiwa kwenye usukani wa Raleigh. Alipopiga mara ya tatu, Nashon aliivuta fomu, akaweka sahihi bila kuiangalia, na kumwuliza binti yake kama gurudumu la mbele ameliandika.